Alama Nilizolipa Goti

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. U hali gani huko? Mgongo unaendeleaje? Shemeji na wapwa zangu hawajambo? Sisi huku wazima, na mimi ni mzima kabisa, namshukuru Mungu.

Uliniuliza habari za goti. Leo ni miezi tisa na siku nne tangu waniunganishe ile kano iliyokatika nilipoteleza ngazini na boksi la vigae. Nimechoka, Dada. Kuamka, mazoezi, barafu, kulala. Kesho yake yale yale. Magongo niliyaacha mwezi wa pili baada ya upasuaji, na ngazi sasa nazipanda bila kushika ukuta. Lakini fundi wa vigae hafanyi kazi ngazini, anafanya kazi magotini.

Wifi yako hachoki, maskini. Kila asubuhi hunifungia barafu kwenye taulo kabla ya kwenda kazini. Nikinuna, huniambia kwamba goti lililoumia ni moja ila ninanuna mwili mzima.

Mazoezi nafanyishwa na mama mmoja pale kliniki, wagonjwa tumempa jina la Bi Rudia, maana hana neno jingine. Kila baada ya wiki kadhaa hutupa fomu: unatembeaje, unaweza kupiga magoti, unaliamini goti lako? Kila swali unajipa alama, sifuri hadi kumi. Mimi tangu mwanzo nilikuwa nikijipa nane, tisa. Sikuona kama nadanganya. Mtu akikuuliza hali unajibu njema, hata kama umelazwa, ndivyo tulivyolelewa.

Kumbe alama zile daktari alikuwa akizisoma, na alishakuwa tayari kunifungia faili nirudi kazini. Msimamizi wetu alinitunzia nafasi hadi mwisho wa mwezi huu, si zaidi.

Alhamisi Bi Rudia akatandika mkeka, akaniambia nipige magoti. Kwenye fomu nilikuwa nimejipa tisa. Nikashuka nusu, mguu ukaanza kutetemeka, nikashika kiti chake. Niliogopa kuliko nilivyoumia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hizi tisa zote ulikuwa unampa nani?"

 Mama yetu alikuwa akisema mficha maradhi kilio humuumbua, na changu nusura kinikute kwenye sakafu ya mtu.

Akanipa fomu nyingine tupu. Nilikaa nayo muda mrefu, maana nilijua nikiandika kweli nafasi inakwenda. Nikaandika: kutembea, saba. Kupiga magoti, mbili. Kuliamini goti, moja. Sasa nimeongezewa miezi mitatu ya mazoezi, na msimamizi aliposikia hivyo, nafasi yangu akampa fundi mwingine. Nimelia, sikufichi. Halafu nikalala usingizi ambao sikuupata tangu upasuaji.

Nimeisoma tena barua hii toka juu, nikakuta nimekuandikia kwamba mimi ni mzima kabisa. Sikufuta, ili uone mwenyewe mazoea yana tabu.

Nisalimie Shemeji, na yule mpwa wangu Kiguu na Njia mwambie miguu aitunze. Mungu akuwekee mkono wake mgongoni. Nawe ukinijibu, usiniambie unaendelea vizuri, kama barua zako zote. Niandikie namba.

Mdogo wako akupendaye,
mwenye goti la mbili juu ya kumi.