Usije, nitakusainia

Jumatano

Eti shamba langu la Kisarawe limepangwa liwe malisho ya ng'ombe. Na mihogo aliyoniachia marehemu mama? Wanangu nitawarithisha nini?

Saidi mdogo wangu kanipigia nikiwa sokoni Mchikichini, napanga viatu vya kuuza mezani. "Dada, ni mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Mkutano wa kuupitisha ni Jumamosi. Usije, nitakusainia."

Usije? Huyu huyu anayeniita kila wiki nipeleke sukari na nguo za watoto?

Nikamuuliza, shamba lako je, limeguswa? Akasema mtandao unasumbua.

Naona vibaya kumshuku mtoto niliyembeba mgongoni. Lakini Jumamosi naenda. Karatasi ya kusaini nitaisoma mwenyewe, herufi moja moja, mkutano mzima unisubiri.