Spika Inayotazama Mlango wa Kadzo

Baba Kibwana,

Ukija kuwasha redio, chai imo kwenye chupa na mihogo nimeifunika. Nimekwenda Msambweni kwa dada yangu, amejifungua. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi Alhamisi.

Betri usiiweke sakafuni, pamelowa.

Asubuhi mke mwenzangu Kadzo alikuja hapa. "Dada, ahsante kwa nyimbo. Jana nilipika huku nikicheza." Nikatabasamu. Alipoondoka tu, nikaegemeza ngazi kwenye mnazi, nikajifunga leso kibwebwe, nikapanda mwenyewe na kuigeuza ile spika. Sasa inatazama dirisha langu.

Ulipoileta ulisema kijiji kizima kisikie habari za uhuru. Kumbe kijiji kizima ni mlango wa Kadzo! Redio iko mezani kwangu, vumbi nafuta mimi, betri naichunga mimi. Lakini ukishachomeka waya wa spika ya nje, redio yenyewe inakuwa bubu. Hata siku za zamu yangu nasikia nyimbo kwa mbali, kama mpita njia. Leso ukinunua, unanunua doti mbili zinazofanana. Nyama unatugawia sawasawa. Sauti je?

Usiigeuze tena. ~~Mwambie Kadzo ni mimi.~~ Mwambie ni upepo.

Alhamisi ni zamu yangu. Ukija, izime redio kabisa. Nataka nikusikie wewe.

Mama Kibwana