Zabibu Zilizooshwa

Dandora, Nairobi
4 Mei 2025

Mpendwa Shangazi Kalekye,

Pokea salamu zetu za huku Dandora. Goti lako linaendeleaje? Na mvua za Dodoma, zimewaacha salama? Sisi tunakula, tunalala, watoto wanaenda shule. Tangu tumzike Baba mwezi wa pili sijalia hata mara moja, na watu wameanza kuniangalia vibaya.

Ile mizabibu miwili uliyompa vipando vyake mwaka wa themanini na nne bado ipo uani, imepanda hadi juu ya bati. Mwaka huu imezaa kuliko miaka yote. Baba aliniagiza akiwa kitandani nivune, nitengeneze divai nyeupe kama yake, tuinywe siku ya ibada ya kumkumbuka. Jambo hilo moja tu.

Unajua alivyokuwa akiitengeneza. Hatii hamira, hatii sukari. Anaponda kwa mikono, anamimina kwenye pipa, na siku ya tatu inatoa povu yenyewe. Nilimwona akifanya hivyo miaka yote, lakini nilikuwa naangalia tu bila kuuliza.

Basi nikavuna. Zabibu zilikuwa na unga mweupe juu ya ganda. Shangazi, huku kwetu moshi wa jaa la taka hauna huruma, unaanika shati jeupe unaanua la kijivu. Nikajua ni jivu. Nikamwambia mke wangu Adongo azioshe kwa maji yenye dawa, vile tunavyoosha mboga. Akaniuliza kama Baba alikuwa akiosha. Nikamjibu, osha bwana, watu watakunywa taka?

Siku ya tatu, kimya. Ya saba, kimya. Ya kumi ukungu wa kijani ukafunika pipa lote. Kumbe chachu ilikuwa kwenye ule unga!

Siku ya ibada Baba Mdogo Kyule akafunua pipa, akauliza ni nani aliyeosha. Adongo, na adabu zake, akasema ni yeye. Loo! Akina Baba Mdogo walimsema mbele ya wageni, eti si wa kwetu, hajui mila, amelitupa agizo la marehemu. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na sahani ya pilau mkononi. Nilikula.

Wiki iliyofuata niliwafuata akina Baba Mdogo kwao Njiru nikawaeleza ukweli. Baba Mdogo akanipiga begani, akacheka, akasema najifanya kumkinga mke. Hakuna aliyeniamini. Nilipomwambia Adongo kwamba nimesema, aliendelea kukunja nguo. "Ungesema siku ile," akanijibu. Basi.

Najua habari imeshakufikia ikiwa na jina lake. Wewe ndiye mkubwa wao, neno lako hawalipingi. Wapigie simu uwaambie ni mimi, Ngui.

Nisalimie Mama Ndete na binamu yangu Syombua na wanawe. Celine wetu anakusalimu, sasa ni mrefu kuliko mama yake. Mungu akupe usingizi mzuri na miguu isiyouma.

Ukishamaliza na akina Baba Mdogo, mpigie Adongo pia. Usimwombee msamaha kwa niaba yangu. Mwambie tu kwamba kwetu kuna mtu mmoja anayejua hakukosa.

Mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye,
Ngui