Baba, Leo Mpira Umenyooka

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeandika salamu hiyo, nikabaki nimeshika kalamu kana kwamba utaitikia. Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike kule mlimani, karibu na kaburi la mama, na bado sijazoea kuamka nisiwe na mtu wa kumwamkia. Nyumba yetu ya Mwembesongo imekuwa kubwa mno. Leo nina habari, na mtu pekee ambaye angeielewa ni wewe.

Nilikuwa na miaka tisa uliponipa fyekeo. Wakati huo ulikuwa unakata majani kwenye uwanja wa gofu, na wachezaji wakija unawabebea mifuko ya fimbo. Hakuna aliyekufundisha. Uliwatazama tu, mwaka hadi mwaka, mpaka wenyewe wakaanza kukuuliza kwa nini mipira yao inapotea. Jioni wakishaondoka ulinichukua mimi, mwanao wa pekee, lakini kabla hujanipa fimbo ulitaka kwanza nijue kufyeka.

"Fyekeo halisukumwi, mama," uliniambia. "Lipeleke nyuma, geuza kiuno, uliachie lipite. Ukibana kiganja, majani yanalala tu, hayakatiki."

Nilipokuja kushika fimbo, mkono ulikuwa umeshazoea. Watu wazima walisimama kunitazama, na wewe ulijifanya unaokota takataka ili usionekane unacheka.

Baba, nataka niseme habari ya Arusha, kwa sababu hatukuwahi kuimaliza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mashindano yangu ya kwanza mbali na nyumbani, nawe ulikuja kunibebea mfuko. Nilikuwa na hofu. Kila nikipiga, mpira unakata kona kwenda kulia, unaingia majanini. Tulipofika shimo la kumi na moja ukasema, wale wanawake wawili niliocheza nao wakisikia, "Legeza viganja, mama. Unausukuma."

Nikageuka nikakwambia, "Wewe ni mbeba mifuko tu. Nani alikufanya mwalimu?"

Uliifuta fimbo kwa kitambaa, ukairudisha kwenye mfuko, ukatangulia. Yalikuwa yamebaki mashimo saba, na yote saba ulinibebea. Kwenye basi la kurudi ulinunua mhindi wa kuchoma, ukauvunja, ukanipa kipande kikubwa. Nikaula nikitazama dirishani.

Baada ya hapo nilisema nimechoka na gofu. Ukweli ni kwamba sikuweza kupiga mpira huku wewe umesimama nyuma yangu, na bila wewe nyuma yangu sikujua kupiga. Nikaolewa Dakawa, nikalima mpunga, miaka ikapita. Nilikuja kuwasalimu sikukuu, tukaongea mvua na bei ya mchele. Uwanja hatukuutaja hata mara moja.

Ndoa ilipokwisha nilirudi na sanduku moja. Mama alikuwa ameshafariki, nawe ulikuwa umeshapata kiharusi, upande wote wa kulia umelegea. Nilikuogesha, nikakulisha, nikakunyoosha vidole kimoja kimoja kama daktari alivyoelekeza. Tulikuwa wawili ndani ya nyumba moja na maneno machache sana. Asubuhi moja ukasema, kwa ulimi ule uliokuwa mzito, "Nipeleke uwanjani."

Nilikodi bajaji. Nikakuweka kwenye kiti cha plastiki kando ya sehemu ya kufanyia mazoezi, nikidhani unataka hewa tu. Ukanyoosha mkono wa kushoto, ukaonyesha fimbo zako za zamani ulizonilazimisha nizipakie.

"Shika."

Nilikuwa na miaka arobaini na moja na mgongo wa mtu aliyepandikiza mpunga. Mpira wa kwanza ulikwenda kulia. Wa pili kulia. Ulingoja mpaka nilipomaliza ndoo nzima ya mipira. Kisha ukasema, "Kesho tena."

Ndivyo tulivyoishi ule mwaka wa mwisho. Ulinirekebisha kwa neno moja moja, kwa kuwa maneno yalikuwa yanakuchosha. Mguu. Bega. Polepole. Nikajifunza upya kushika fimbo kama mtu aliyeshika kifaranga, kugeuza mabega bila kuinua kichwa, kuanza kushuka kwa kiuno na kuuhamishia uzito mguu wa kushoto. Vyote hivyo vilikaa sawa. Kilichokataa ni viganja. Kila vilipoukaribia mpira viliogopa, vikakaza, na uso wa fimbo ukabaki umefunguka, mpira ukaenda kulia.

Siku moja mvua ilitufungia nyumbani. Ilipokatika, ukaniambia nitafute fyekeo. Nyasi za uani zilikuwa zimefika magotini. Nilifyeka mpaka adhuhuri, wewe umekaa barazani umefumba macho, nikadhani umelala.

"Umesikia?" ukauliza.

"Nini, baba?"

"Mlio. Ukilia mbele ya mguu wa kushoto, umeachia vizuri. Ukilia nyuma, umewahi. Usipolia kabisa, umebana."

Nikafyeka tena, safari hii nikisikiliza. Milima ilikuwa imefunikwa ukungu mpaka chini, kote kimya. Nikaona ndiyo nafasi. Nikaweka fyekeo chini nikasema, "Baba, ile siku ya Arusha."

"Siku ile ulikuwa umekaza kiganja cha kulia," ukasema. Kisha ukaongeza, "Na mimi nilikosea. Mwalimu hamwambii mtu kosa lake mbele za watu."

Ukaniomba chai. Nikaenda kuipika, nikasimama jikoni mpaka maji yakakaribia kukauka, nikajiambia nitakuomba radhi kesho. Kesho yake ulikuwa na homa. Baada ya wiki kiharusi kilirudi, na safari hii hakikukuacha.

Kwa hiyo nasema sasa, japo nimechelewa. Nisamehe, baba. Ulikuwa mwalimu kabla sijazaliwa, na nililijua hilo hata nilipokuwa natamka yale maneno.

Tangu ulipoondoka nakwenda mwenyewe, asubuhi, wachezaji hawajafika. Napiga ndoo moja, naokota, narudi. Siku nyingine sifungui mdomo mpaka mchana. Leo nilipiga ishirini na kitu, yote kulia. Nikaacha kuutazama mpira nikasikiliza mlio tu. Sijui nilifanya nini, baba, viganja vilipita vyenyewe, mkono wa kulia ukapanda juu ya wa kushoto, tumbo likaelekea mlimani. Sikuhisi hata kama nimegusa kitu. Mpira ukaondoka chini chini, ukapanda, ukanyooka mpaka ukatua. Nikapiga mwingine, ukaufuata. Nilipiga sita hivyo. Kisha nikakaa kwenye nyasi.

Nilitaka kumwambia mtu. Njiani nikampitia mama anayeuza vitumbua pale kona, nikamwambia, "Leo mpira wangu umenyooka."

"Mpira gani?"

"Wa gofu."

"Haya, hongera," akasema, akinyoosha mkono kuchukua mfuko. "Nikufungie vinne?"

Nikasema ndiyo. Nimekula viwili vyangu. Viwili vyako vipo hapa mezani, nimevifunika kwa sahani.

Lala salama, baba. Mungu akupe nafasi pana huko uliko.

Mimi, binti yako na mwanafunzi wako,
Mwanaidi