Pua ya Octavian

Jumamosi, 21 Septemba 2024

Octavian amerudi dukani leo. Nilimkataza, hakunisikiliza. Nyuzi zimetolewa juzi tu na kisogoni bado pana uvimbe unaoonekana hata akivaa kofia. Alisema joto limeshaanza, wateja wa kahawa baridi hawamngoji mtu, na akiendelea kukaa ndani hapa Ipagala atakuwa mwehu.

Namshukuru Mungu. Lile lori la kifusi lililomgonga lingemsukuma upande wa pili wa barabara ya Msalato, leo ningekuwa mjane mwenye mtoto mchanga. Pikipiki ndiyo iliyokufa. Yeye alianguka chali, kisogo kikapiga lami, akazindukia hospitali. Wakampiga picha, wakasema fuvu zima, wakamshona. Pale kitandani aliitazama dripu iliyoning'inia juu yake, akamwambia nesi kwamba dukani kwake anazo kama hiyo kadhaa. Nesi akaniangalia. Nikajua anadhani akili imeguswa.

Lakini ni kweli anazo! Juu chupa ya maji na barafu, katikati mpira wa dripu wenye kigurudumu cha kupunguza matone, chini kopo la kahawa iliyosagwa, halafu jagi. Tone, tone, tone, siku nzima. Inashuka nyeusi, laini, haina ule ukali wa kahawa ya moto. Watu wa bungeni na wanafunzi wa chuo wanaifuata hadi Makole. Mimi, binti wa Kongwa niliyekulia uji na chai, nilimcheka sana alipoanza. Sasa inatulisha kuliko mshahara wangu wa wizarani.

Jambo moja tu. Amekuwa mkimya. Labda ni mshtuko.

Jumanne, 24 Septemba

Nilipitia dukani nikitoka kazini Mtumba. Nilimkuta Bwana Mustapha, yule mtumishi wa bunge ambaye hajakosa hata wiki moja tangu tufungue. Alikunywa funda moja, akaisogeza glasi pembeni taratibu, akaaga. Nilimfuata mlangoni nikamuuliza. Aliona aibu kidogo, akasema labda ni mdomo wake, ila leo kahawa inanuka gunia.

Nikaionja. Si gunia tu. Ukungu! Buni zimelowa mahali, zikakaa, zikavunda, na mtu akazikaanga hivyo hivyo.

Octavian alikuwa amesimama pale na glasi yake, ameshaimaliza.

Nilimwambia. Akasema iko safi, Mustapha ana mafua.

Huyu ni mtu aliyewahi kurudisha gunia zima kwa Habibu, anayetuletea buni, kwa sababu lilisafirishwa kwenye gari lililobeba vitunguu. Habibu aliapa kwamba havikugusana. Octavian alipenyeza mkono katikati ya gunia, akanusa kiganja, akasema, vitunguu. Na ilikuwa kweli.

Ijumaa, 27 Septemba

Ninamtazama.

Anapochagua buni anazimwaga kwenye ungo kama zamani. Anaondoa zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizo nyeusi. Kisha anachota konzi na kuipeleka puani. Zamani hapo ndipo alipokuwa anakaa. Anafumba macho, anaanza kunisimulia: hii Mbinga ina utamu kama wa sukari guru, hii ya Mbozi ina uchachu, itafaa kwa maji baridi ikikaangwa kidogo tu, hii robusta tuwaachie wengine, kwenye dripu inakuwa chungu kama kwinini. Leo mkono ulifika puani ukashuka hapo hapo. Kama mtu anayepiga ishara ya msalaba huku mawazo yako mbali.

Kwenye kukaanga pia. Anaangalia rangi tu na kusikiliza punje zinavyopasuka. Amezipitisha motoni kupita kiasi. Zimetoka zinang'aa mafuta.

Jioni alimchukua mtoto wetu Frida kwa jirani yetu, Mama Joha. Akampakata wakati wote wa taarifa ya habari. Mimi nilikuwa jikoni na harufu ilinifikia huko. Nilipokuja nikakuta mtoto amejichafua mpaka mgongoni, na suruali ya baba yake pia. Octavian anatazama tivii.

Nilimbadilisha mtoto.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimefanya jambo baya.

Niliandaa glasi mbili. Moja kahawa yake nzuri ya Mbinga, aliyoikaanga kabla ya ajali, ilikuwa imebaki kwenye kopo. Nyingine kahawa ya unga ya dukani, ile ya kukorogwa kwenye maji ya moto, nikaipoza kwa barafu. Nikamwambia anichagulie ipi tuwapelekee watu wa Komunyo ya mtoto wa bosi wangu.

Alionja zote. Akazirudia. Niliona jasho juu ya mdomo wake. Akanyanyua ile ya unga, akasema hii, ina mwili mzuri, nzito mdomoni.

Nikamjibu sawa. Nikazimwaga zote mbili kwenye sinki na kufungua bomba, nisisikie pumzi yangu mwenyewe.

Jumanne, 1 Oktoba



Leo tulitoka mapema, umeme ulikatika ofisini. Nilipofika getini tu nikasikia harufu ya gesi. Nje! Nikaangusha mkoba, nikakimbia. Mlango wa nyuma umefungwa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Octavian yuko jikoni, Frida yuko chini kwenye mkeka, anachezea mfuniko. Jiko limefunguliwa, halijashika moto. Na yeye ameshika kiberiti, kijiti tayari mkononi.

Nilimpiga mkono. Kiberiti kikaruka. Sijui nilisema nini. Nilimbeba mtoto nikamweka uani, nikarudi kufunga mtungi na kufungua kila kinachofunguka. Yeye amesimama tu pale pale, ananitazama kama mgeni.

Tulikaa uani hadi gesi ikaisha ndani. Frida alitapika mara moja, kisha akalala. Nikamuuliza:

"Baba Frida, husikii harufu?"

Upepo ulikuwa unapeperusha nguo za Mama Joha upande wa pili wa ukuta.

"Sisikii," akasema. "Tangu Msalato sisikii kitu chochote. Nilizinduka hospitali nikadhani wamesafisha sana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie mimi ni nani sasa?"

Alinieleza kwamba aliwasha jiko, upepo wa mlangoni ukauzima moto, akaenda kufunga mlango na madirisha, akarudi akatafuta kiberiti kwa muda. Alisema hivyo kwa utulivu, kama anamweleza polisi. Kisha akamtazama mtoto na uso wake ukabadilika, akainuka akaenda chooni. Nilisikia maji yakimwagika kwa muda mrefu sana.

Alhamisi, 3 Oktoba

Tumemwona daktari wa pua na masikio. Mama mtu mzima, mpole. Alimpa vichupa vya kunusa, amefumba macho. Karafuu. Mafuta ya taa. Sabuni. Octavian kila mara akatikisa kichwa. Cha mwisho, daktari alisema baadaye, kilikuwa kahawa.

Alitueleza kwamba kisogo kinapopigwa ubongo hutikisika kwa mbele, na vile vishipa vyembamba vya harufu vinavyopita juu ya pua vinakatika. Ulimi bado unajua chumvi, sukari, uchungu, ndimu. Basi. Hayo mengine yote tunayoyaita ladha ni pua. Nikamuuliza kama itarudi. Akasema kwa wengine hurudi kidogo, kwa wengine hurudi vibaya, mtu akasikia harufu isiyokuwepo, kwa wengi hairudi. Tungoje mwaka.

Octavian alimshukuru, akampa mkono. Nje akaniambia nitangulie, yeye atatembea. Alifika nyumbani jioni, viatu vimejaa vumbi.

Jumapili, 6 Oktoba

Hakuingia kanisani. Alibaki nje chini ya ukuta na wanaume wanaochelewa. Baadaye niliuliza. Akasema padri alipopita mlangoni na chetezo aliuona moshi wa ubani ukimjia usoni, na ulikuwa kama picha ya moshi.

Mchana alikuwa amemlaza Frida kifuani. Akanena bila kunitazama:

"Mtoto wangu hana harufu. Ningepewa wa mtu mwingine gizani nisingejua."

Nikamshika bega. Akaniambia, na wewe pia, mama Frida.

Nimelia bafuni kama msichana. Halafu nikaona haya. Mimi nimepoteza nini?

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, hakuna kazi. Nimekuwa pua yake. Ndivyo tulivyokubaliana, au ndivyo nilivyomlazimisha.

Habibu alikuja na vifuko vya sampuli. Tulimweleza yote. Habibu ni mtu wa Kondoa, kwao wanalima mbaazi na alizeti, kahawa ameijua kwa kuifuata kwa malori tu. Lakini ana moyo. Alisema pole kaka, kisha akafungua vifuko kama siku nyingine yoyote. Nilimpenda kwa hilo.

Octavian aliikaanga kila aina kidogo, akaisaga, akanipa. Akanitaka niseme.

Nikasema inanukia vizuri.

"Vizuri si harufu. Sema inanukia nini."

Nikajaribu. Karanga. Hapana, karanga zilizoungua kidogo. Hii nyingine... mkate? Akaniuliza mkate wa wapi, wa moto au wa jana. Nikachanganyikiwa. Habibu akasema, shemeji, fumba macho. Nikafumba. Kifuko cha tatu kilinipeleka Kongwa, kwa bibi, kwenye kihenge cha mtama baada ya mvua ya kwanza. Nikasema hivyo. Octavian akasema tupa, hiyo ina ukungu ndani.

Cha nne nilikaa nacho. Kulikuwa na kitu kama zabibu zilizokauka juani, zile wanazouza barabarani. Na chini yake majani makavu ya mgomba.

Aliuvuta ungo wenye buni za kifuko hicho. Aliuzamisha uso wake wote ndani ya zile buni, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Akavuta tena. Akavuta tena. Nikamwambia basi, baba Frida, basi. Aliponyanyua uso, punje mbili zilikuwa zimegandia kwenye mashavu kwa sababu yalikuwa yamelowa.

Habibu alitazama pembeni.

"Ni za Mbinga," Octavian akasema. "Ni za upande wa kwetu. Baba alikuwa anaanikia kahawa chini ya migomba."

Tukazichukua hizo.

Jumatano, 16 Oktoba

Bwana Mustapha amerudi! Alikunywa glasi nzima akaomba nyingine. Akamwambia Octavian, fundi, karibu tena kazini. Nilidhani atafurahi. Alitabasamu, akasafisha jagi. Wateja walipopungua akaniambia:

"Hiyo ni kahawa yako. Mimi ni mpishi wa barafu."

Jumamosi, 19 Oktoba

Hali chakula. Anasema ugali ni udongo na nyama ni mpira. Leo nilimkuta amesimama jikoni anatafuna pilipili kichaa mbichi, machozi yanamtiririka, anatafuna tu. Alisema angalau hiyo anaijua imeingia. Suruali zinamvuka.

Duka halikufunguliwa jana wala leo. Ameng'oa mipira yote ya dripu, ameikunja, ameiweka kwenye boksi na kulifunga kwa kamba. Anazungumzia kurudi Mbinga akachunge mbuzi wa kaka yake. Nilipomuuliza mimi na Frida tuko wapi kwenye hayo mazungumzo, alinitazama kwa mshangao wa kweli. Hakuwa ametufikiria. Hicho ndicho kilichonitisha, si hasira.

Nimempigia daktari. Amesema tumpeleke Jumatatu, na hadi hapo asiachwe peke yake. Alisema polepole, ili nielewe. Nimeelewa. Nimemwomba Mama Joha awe anapitapita. Habibu ameahidi kuja kesho.

Jumapili, 20 Oktoba

Hatukwenda misa. Nilikuwa uani nafua, Octavian amelala sebuleni tangu asubuhi, uso ukutani.

Ghafla nikasikia ananiita. Sauti ya zamani. Nilitupa nguo nikakimbia nikidhani ni mtoto.

Amesimama katikati ya sebule, pua juu, mikono ameitanua kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Kuna kitu kinaungua," akasema. "Nasikia moshi, Yasinta. Nausikia!"

Hajaniita Yasinta tangu Frida azaliwe. Alinishika mikono, alikuwa anacheka. Akasema ni kama kahawa iliyopitishwa motoni, ila kali zaidi, kama mpira, ni kitu gani, nenda katazame.

Nilikwenda. Jiko limezimwa, la baridi. Pasi imechomolewa. Nimepita chumba kwa chumba, nimegusa soketi kwa kiganja. Nimetoka uani, nikazunguka nyumba, nikachungulia kwa Mama Joha. Hakuna anayechoma taka. Hakuna moshi mtaa mzima, ni upepo na vumbi tu. Nimevuta pumzi hadi kifua kikauma. Sabuni ya kufulia. Udongo. Basi.

Nimeingia chumbani nikajidai naangalia soketi ya huku, nimekaa kitandani na daftari hili kwa sababu sijui nikae na nani. Namsikia sebuleni anaongea na Habibu kwenye simu. Anamwambia imerudi. Anamwambia alete Mbinga gunia zima, kesho wanafungua. Namsikia anafungua lile boksi, anaikata kamba kwa meno.

Amemaliza kuongea. Anakuja kwenye korido na Frida mkononi, anamnusa kichwani, anamnusa tena, anauliza kutokea huko huko nimekuta ni nini kinachoungua