Vidonge Nilivyovigawa

Temeke,
Dar es Salaam.
14 Juni, 1958.

Mpendwa Dada Demetria,

Shikamoo dada. Habari za Bukoba, na Mama anaendeleaje na kile kikohozi? Mimi ni mzima, ila nimechoka, dada. Hata kalamu naiona nzito.

Barua yako niliipata pamoja na kahawa za kutafuna. Nimewagawia wapangaji wote wa nyumba hii, kila mmoja kiganja. Unanijua.

Shemeji yako Audax bado anakohoa. Nilikuandikia kwamba madaktari wanafanya utafiti wa dawa za kifua kikuu, naye akachukuliwa. Walimpa aina mbili: vidonge vidogo vyeupe, na vingine vikubwa, vichungu, vinavyochafua tumbo. Wakasisitiza ameze vyote pamoja.

Sasa nikuambie nililolificha. Vile vichungu vilimshinda, akawa anatapika mpaka nyongo. Na chumba cha pili yupo Chausiku, mjane, naye alikuwa anakohoa damu, na kwenye utafiti nafasi zilikuwa zimejaa. Siku moja alinishika mkono uani.

“Shoga, mie hata hivyo vichungu nitavimeza. Nipe tu.”

Nikaona nimepata dawa ya watu wawili: mume wangu vyeupe, Chausiku vichungu. Niligawa hivyo miezi minne, nikijisifu moyoni. Wote wawili wakanenepa kidogo.

Mwezi uliopita Audax akaanza kukonda tena. Daktari akasema vijidudu vyake vimezoea vile vyeupe, havisikii tena, akauliza kama vile vingine alikuwa anameza. Audax akainamisha kichwa. Nikasema ni mimi. Daktari hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alinieleza taratibu kwamba ndiyo maana wanatoa mbili kwa pamoja: kijidudu kinachoponyoka dawa hii kinauawa na ile. Mimi nilizitenganisha.

Sasa anachomwa sindano kila siku, na daktari hajui kama zitafaa. Chausiku nilimpeleka mwenyewe akapimwe. Naye vichungu havimsaidii tena. Hajanilaumu, kila asubuhi ananiuliza Audax kaamkaje, nami nakosa pa kuweka uso. Najichukia, dada.

Ndiyo maana nilichelewa kukujibu juu ya vidonge ulivyoomba kwa ajili ya Mama. Vyeupe vimebaki chupa nusu. Jumapili nilivifunga ndani ya kanga ninayomtumia Mama, mzigo nikaushona kabisa. Halafu nikaufumua, nikavitoa. Mpeleke hospitali apimwe. Akipewa aina mbili ameze mbili, hata akilia, na asimwonjeshe jirani.

Nisalimie kaka Ansbert na shangazi Adelina. Mwenyezi Mungu awafunike nyote, na Mama kuliko wote.

Mzigo anakuja nao Fransis. Najua utaikung'uta ile kanga na kupapasa pindo lote. Hutakuta kitu. Tangu tuzaliwe sijawahi kukunyima.

Mdogo wako anayekupenda hata anaponyima,
Genoveva