Mila Iliyokutoa Nyumbani

Mbulumbulu,
Karatu.
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Lukresia,

Hujambo, na mwanao hajambo? Ni miaka mingi, hata sijui nianze na salamu gani. Sisi tu wazima, ila Mama magoti yanamsumbua na baridi ya mwaka huu ni kali. Lekoko, dereva wa lori, ametuambia alikukuta Tunduma ukiuza chakula, na kwamba mtoto ana macho ya Baba. Mama alimuuliza habari zako mpaka akaishiwa majibu. Barua hii anakuletea yeye.

Ngano imestawi. Maharage yameliwa na wadudu.

Unamkumbuka Selina, binti wa jirani yetu Mzee Isaya? Ulimwacha hajaanza shule. Mwaka jana alipata mimba kabla ya kuolewa. Wazee wakamtaka baba yake amtoe nyumbani, kama ulivyotolewa wewe, eti akijifungulia pale mvua itakatika na ng'ombe watakufa. Mzee Isaya akakataa. Majirani wakaacha kukanyaga kwake, hata bombani wakawa wanawapisha kama wagonjwa. Uchungu ulipomshika Selina, Mama peke yake ndiye aliyekwenda. Alimzalisha, kisha akanywa uji humo humo, mchana, watu wakiona.

Wazee walimwita Mama ajieleze. Nilikuwepo. Aliwaambia kwamba wewe ulitolewa, na ukame ukaja vile vile. Wakaanza kumkemea. Ndipo Baba, ambaye tangu uondoke alikuwa hajatamka jina lako, akasimama.

“Lukresia nilimtoa mimi,” alisema. “Alitoka na tumbo lake, mvua inanyesha, nami nikafunga mlango. Sitaki mzazi mwingine aishi nilivyoishi mimi.”

Akakaa.

Walivutana sana, lakini Jumamosi iliyopita wametangaza mbele ya kijiji kizima kwamba mila hiyo imefutwa. Hakuna binti atakayetolewa kwao tena. Wako waliosusa, na mpaka leo hawamsalimii Isaya. Ila Selina anateka maji na wenzake, mtoto mgongoni.

Mdogo wangu, nilifurahi, kisha nikaenda nyuma ya zizi nikalia. Habari hii ilikuwa yako, na wewe hukuwepo kuisikia. Mpaka leo nikiwa shambani hugeuka kukusemesha, nikakuta mtaro mtupu. Mama akisikia mwanamke anacheka njiani hunyamaza kwanza, asikilize kama ni wewe.

Baba aliniomba nikuandikie maneno haya kama alivyoyasema: “Mwambie simwiti. Sina haki ya kumwita. Akinikubalia, nitapanda basi nimfuate huko aliko, nimwombe msamaha mbele ya mwanawe. Akikataa, nitabaki, ila ajue mlango nimeufungua.”

Mama na kaka yetu Josephati wanakusalimu sana. Mungu awalinde, wewe na mtoto, na ailainishe njia iliyo kati yetu.

Dada yako akupendaye na kukungoja,
Bernadina